Tangazo la kamari au mkono mtupu? Swali la binti mhitimu

Jioni moja baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Temeke alitufuata katika ofisi ya kamati ya msikiti akiwa na binti yake. Binti huyo ana shahada ya uhusiano wa umma na masoko, na kwa miaka miwili alikuwa akipeleka maombi ya kazi bila mafanikio. Sasa alikuwa na barua mkononi. Kampuni moja ya matangazo ilimtaka awe mwandishi wake, na mteja wa kwanza aliyepangiwa alikuwa kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira.

“Wanangu,” alisema mzee, “huyu nimemsomesha kwa kuuza samaki Feri. Mwambieni kazi ni kazi. Yeye hachezi kamari, anaandika maneno tu.”

Binti aliinamisha kichwa, kisha akauliza kwa upole: “Ustadhi, maneno yangu yakimpeleka mtu kwenye kamari, mimi nimo au simo?”

Jibu la haraka tulikuwa nalo. Katika Suratul Maida, aya ya 90 imeitaja kamari pamoja na ulevi miongoni mwa mambo ya kuepukwa, na aya ya 2 ya sura hiyo hiyo inakataza kusaidiana katika dhambi. Lakini hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ni hii: mhitimu huyu aende wapi na elimu yake?

Baadhi ya wazee wetu walisema fani yenyewe ni ya uongo. Hatukukubaliana nao. Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi wa kusema. Naye Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika chakula cha muuzaji sokoni na kukuta unyevu chini yake, hakumfukuza sokoni. Alimuuliza kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akakemea udanganyifu. Kwa hiyo mipaka ni miwili: bidhaa iwe halali, na aibu yake isifichwe.

Wazazi wengi hatuzijui kazi hizi, ndiyo maana tunazihukumu kwa jumla. Mtu wa masoko huchunguza wanunuzi wanahitaji nini, kwa bei gani, na bidhaa iwafikie kwa njia ipi. Mtu wa matangazo hutunga ujumbe na kuchagua utoke redioni, barabarani au mtandaoni. Afisa uhusiano huisemea taasisi yake: huandika taarifa kwa waandishi wa habari, hujibu malalamiko, na siku ya balaa ndiye anayesimama mbele ya watu. Siku hiyo ukweli wake hupimwa kuliko ufasaha wake.

Milango ya halali ipo. Serikali huajiri maafisa habari na uhusiano kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Vyuo, hospitali na mamlaka za maji huwahitaji. Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, nayo lazima ieleze huduma zake kwa watu. Wasindikaji wa asali, viungo na nafaka wana bidhaa nzuri zisizo na msemaji.

Kwa wahitimu tunanasihi hivi. Kampuni ya matangazo hutumikia wateja wengi. Leo sabuni, kesho bia. Kabla ya kutia saini, uliza wateja ni akina nani, na kama waweza kuondolewa katika kazi fulani, iandikwe katika mkataba. Dada zetu waulize pia kuhusu mavazi na hafla za usiku. Aghalabu ni salama zaidi kuingia kitengo cha masoko cha kampuni ambayo bidhaa yake unaijua. Tena usiende na cheti peke yake. Beba jalada la kazi ulizokwisha kufanya, hata kama ni za duka la mjomba.

Hapo ndipo binti alipotukumbusha deni letu. Matangazo ya futari ya Ramadhani misimu miwili mfululizo aliyatengeneza yeye, na barua za kuomba michango ya madrasa aliziandika yeye. Fundi wa paa tulimlipa, fundi umeme tulimlipa. Yeye tulimwambia malipo yake yako kwa Allah. Kisha leo tunamwambia akatae mshahara.

Alikwenda kuuliza. Meneja alimpokea kwa heshima, akasema hawezi kumuahidi kuondolewa katika kazi yoyote. Binti hakutia saini. Baba yake alipita Ijumaa mbili bila kutusalimu, na hatukumlaumu.

Kamati imekaa na kuamua kwamba kampeni ya kujenga madrasa ataisimamia yeye kwa malipo. Ni fedha kidogo, si mshahara wa kumtosha mtu. Ndiyo maana tunawageukia wafanyabiashara wa safu ya mbele, ambao wengine hata vibao vya maduka yao vina makosa ya herufi: waajirini vijana hawa, hata kwa siku mbili za wiki, na muwalipe kama mnavyomlipa fundi.

Ijumaa iliyopita mzee alitupa mkono. Aliuliza jambo moja tu: “Katibu, kazi ya kudumu mmempatia?” Tulimjibu kwamba bado tunatafuta.