Je, Wajua? Chai ya Asubuhi Katavi, Pwani Isiyo na Bahari

Ukitajiwa kifungua kinywa ufukweni, mawazo yanakimbilia Nungwi, Bagamoyo au Diani. Katavi, mkoa wa magharibi mwa Tanzania, haipakani na bahari. Inapakana na Ziwa Tanganyika, na kutoka Mpanda mjini hadi ufuko wa Karema ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi. Huko nako chapati hugeuzwa alfajiri na watoto huketi kwenye benchi wakisubiri uji upoe. Sogea nao, agiza chai, kisha tazama mezani.

Mgahawa ni mahali pa kahawa, lakini wengi huagiza chai. Neno mgahawa, ambalo wengine hulitamka mkahawa, ni jamaa wa neno kahawa. Chai ni jina lenye asili ya Uchina, chapati limetoka Uhindini, na supu tumelichukua kwa Waingereza. Lililozaliwa nyumbani ni vitafunwa, yaani vya kutafuna. Na mama ntilie, mpishi wa chakula cha kuuza? Alipewa jina na wateja wake wenyewe: "Mama, nitilie!"

Staftahi na kifungua kinywa ni wazo moja. Staftahi imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufungua, mzizi uleule wa Fatiha, sura inayofungua Kurani. Waswahili waliipokea staftahi, kisha wakalisema jambo lilelile kwa maneno yao. Wapo pia wanaosema chamshakinywa, kana kwamba mdomo nao hulala.

Dagaa wa Tanganyika ana ukoo baharini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, lakini dagaa wake ni wa ukoo mmoja na sadini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa. Wanafanana jina na udogo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aina moja ya dagaa wa Tanganyika ilipelekwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ikastawi huko. Wenyeji wa kule wanaiita kapenta.

Mwezi ukiwaka, sahani hupungua. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola zimeshika nafasi. Mbalamwezi ikitanda, taa ya mvuvi haina tena mvuto, na wavuvi wengi hutumia siku hizo kupumzika na kushona nyavu. Ndiyo maana mpishi wa ufukweni anahitaji kuijua kalenda ya mwezi.

Ziwa nalo hupewa likizo. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine tatu zinazolimiliki: Kongo, Burundi na Zambia.

Ufuko unaoukanyaga huenda ulikuwa chini ya maji. Mwaka 1879 Wabelgiji walianza kujenga ngome Karema, karibu kabisa na maji. Lakini mwaka mmoja kabla, ziwa lililokuwa limejaa sana lilikuwa limepasua njia ya kutokea kwenye Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Kufikia miaka ya 1890 maji yalikuwa yameshuka kwa takriban mita 10, na ngome ikajikuta imeachwa nchi kavu. Tangu hapo ziwa limekuwa likipanda na kushuka, kwa hiyo anayepanga benchi zake karibu na maji asijisahau.

Wewe unaanza kula, kiboko anamaliza. Sitalike, kijiji kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi kusini mwa Mpanda, kinapakana na Mto Katuma wenye viboko. Kiboko hutoka majini usiku, hula majani yanayoweza kufika kilo 40, kisha hurudi majini kabla jua halijakolea. Ukimkuta asubuhi amezama hadi puani, jua ameshashiba.

Reli ya Mpanda ililetwa na risasi. Si ya bunduki, bali madini. Njia ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 ili kubeba madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini treni haikuondoka. Ilibaki na abiria, na abiria aliyeamka safarini hutafuta chai.

Watu wa Katavi wameongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi. Mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604; ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Wafugaji wa Kisukuma walikuja na ng'ombe wao. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, wakimbizi wa Burundi walipewa makazi Katumba na Mishamo, na baadaye zaidi ya 162,000, pamoja na wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora, wakapewa uraia wa Tanzania. Leo kwenye benchi moja anaweza kuketi Mbende, Msukuma na mjukuu wa Mrundi, kila mmoja akiagiza kwa Kiswahili.

Asali ya Katavi ni ya porini. Nyuki wa hapa hutegemea misitu ya miombo, hasa upande wa Inyonga wilayani Mlele. Mizengo Pinda, mwana wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, alijulikana kwa kuhimiza ufugaji wa nyuki kila alikokwenda.

Jina la mkoa liko chini ya mkwaju. Wazee husimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake inakaa katika mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974. Wapo ambao hadi leo huacha sadaka shinani mwake kuomba baraka. Na tunda la mkwaju, ukwaju, ndilo ambalo wapishi wengine hukamulia kwenye uji ili uchachuke. Kwa hiyo mtoto wa Karema akinywa funda la kwanza na kukunja uso, mwache amalize: ameonja tunda la mti unaosimuliwa kuwa makao ya roho iliyoupa mkoa wake jina.