Saa za ordinatere katika biro: namna gani zipatane?



Kengele ya masomo ikilia, hakuna mtu anayebishana tena. Mmoja saa yake inasema dakika tatu zimebaki, mwingine yake inasema wakati umepita, lakini sisi wote tunafuata kengele. Na katika biro yenye ordinatere nyingi zilizounganishwa, inafaa iko kengele ya namna ile.

Tuseme hivi. Mtoto mmoja analipa minerivali siku ya tatu asubui. Usiku umeme ulikatika, na bateri ndogo ndani ya ordinatere ya ekonome imekwisha kufa. Basi masini imesahau tarehe, imerudi miaka mingi nyuma, na malipo yanaandikwa na tarehe ile ya zamani. Kesho yake prefe anatafuta majina ya waliolipa mwaka huu: jina la yule mtoto hapana! Anafukuzwa, na kumbe franga alikwisha kutoa.

Hata bateri ikiwa nzima, saa inapotea tu. Ndani ya masini muko kijiwe cha kwarsi kinachotetemeka mara 32 768 kwa segonde moja, na masini inahesabu ile mitetemo. Joto na uzee vinakiharibu kidogo. Kikikosa mara 20 tu katika milioni, saa inapotea segonde 1,7 kwa siku, ni kusema karibu segonde 50 kwa mwezi. Tena kila masini inapotea kwa njia yake.

Dawa yake inaitwa NTP. David Mills, mtaalamu wa Marekani, aliandika kanuni zake katika mwaka 1985. Ni mambo ya ngazi. Juu kabisa kuko saa za atomu. Chini yake kuko masini zinazosoma saa zile, na zingine zinauliza hizo, mpaka kufika kwetu.

Lakini jibu linakawia njiani. Namna gani kujua saa ya kweli? Angalieni hesabu. Masini ndogo inatuma swali saa yake ikiwa 10:00:00. Masini kubwa inapokea na kujibu mara moja: «Kwangu ni 10:00:07.» Jibu linafika saa ya ndogo ikiwa 10:00:04. Kwenda na kurudi ni segonde 4, basi njia moja ni 2. Sasa saa ya kweli ni 10:00:09. Ndogo inajua kama iko nyuma segonde 5. Kwa kweli safari ile ni ya sehemu ndogo sana ya segonde, lakini hesabu ni ile ile.

Kosa likiwa dogo, masini hairuki. Inaharakisha ao inapunguza mwendo polepole, juu saa ikirudi nyuma gafula, malipo ya pili yataonekana mbele ya malipo ya kwanza.

Na intaneti ikikosa? Chagueni ordinatere moja iwe mkubwa. Yeye peke yake atauliza inje wakati intaneti iko, na zingine zote zitamuuliza yeye. Hata akikosa kidogo, biro nzima itakuwa na saa moja.

Neno la mwisho. Kinshasa iko nyuma ya Bukavu na Lubumbashi saa moja. Ndani yake ordinatere inashika saa ya dunia yote. Kwetu mashariki inaongeza 2, kule magaribi 1. Kama masini yako inaonyesha saa ya Kinshasa, usisukume saa kwa mkono. Badilisha jina la eneo tu, vingine utaharibu saa iliyokuwa sawasawa.

Tunafundishwa kuchukia mizani ya uongo. Saa ya uongo nayo inaiba: inaiba haki ya yule aliyelipa. Tuirekebishe mbele ya kumfukuza mtoto wa mtu.