Uhuru (satelaiti)

Uhuru (pia: SAS-1 au Explorer 42) ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyorushwa kwa kusudi la pekee la kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota na galaksi. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco katika Bahari Hindi, karibu na Malindi nchini Kenya. Kazi yake ilikuwa kupima anga lote na kuonyesha mahali pa kila chanzo cha eksirei. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa gimba la kwanza kukubaliwa na wanaastronomia wengi kuwa shimo jeusi.

Jina

Wakati wa kutengenezwa satelaiti hiyo iliitwa SAS-A, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "satelaiti ndogo ya astronomia". Siku iliporushwa, Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 tangu kupata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi katika kituo cha Goddard cha shirika la NASA, alipendekeza neno la Kiswahili "uhuru" kwa heshima ya nchi mwenyeji. Hivyo neno la Kiswahili limeingia katika vitabu vya astronomia duniani kote: vyanzo vingi bado hutajwa kwa namba zinazoanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru.

Sababu za kurushwa kutoka Kenya

Eksirei ni mnururisho wa jamii moja na nuru, ila una nishati kubwa zaidi. Ingawa hupenya mwili wa binadamu hospitalini, haziwezi kupenya angahewa nene ya Dunia. Kwa hiyo haiwezekani kupima eksirei za nyota kwa darubini iliyoko ardhini, hata juu ya mlima mrefu.

Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake huko Marekani walirusha roketi ndogo iliyogundua Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kilichojulikana nje ya mfumo wa Jua letu. Lakini roketi za aina hiyo hukaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu, kisha huanguka. Hadi mwaka 1970 vilijulikana vyanzo makumi machache tu, na kimaumbile vingi havikueleweka. Ilihitajika satelaiti inayoweza kutazama anga kwa miezi mingi.

Jukwaa la San Marco lilifaa kwa sababu mbili. Kwanza, liko takriban digrii 3 tu kusini kwa ikweta. Hapo uso wa Dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hufaidika na kasi hiyo. Pili, satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa Dunia, hasa juu ya Atlantiki ya kusini. Chembe hizo huvuruga vipimo vya eksirei.

Jukwaa hilo, lililopo karibu na Ngomeni katika ghuba ya Ungwana, lilianzishwa na profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Waitalia ndio waliorusha roketi aina ya Scout iliyobeba Uhuru. Ilikuwa mara ya kwanza kwa satelaiti ya Marekani kurushwa na kikosi cha nchi nyingine.

Jinsi ilivyopima mahali pa vyanzo

Uhuru ilikuwa na masi ya takriban kilogramu 140. Haikuwa na lenzi wala kioo cha kukusanya eksirei. Ilibeba vipokezi viwili vilivyotazama pande zinazopingana. Kila kipokezi kilikuwa na gesi ndani yake. Eksirei ilipoingia, ilisababisha mshtuko mdogo wa umeme uliohesabiwa. Mbele ya gesi palikuwa na mirija myembamba ya metali iliyoruhusu eksirei za upande mmoja tu kuingia. Kipokezi cha kwanza kiliona ukanda wa anga wenye upana wa nusu digrii hivi, karibu sawa na upana wa mwezi mpevu. Cha pili kiliona eneo la digrii 5 kwa 5.

Satelaiti ilijizungusha polepole, mara moja katika takriban dakika 12. Chanzo kilipopitiwa na ukanda, hesabu ya eksirei ilipanda kisha ikashuka. Saa ya kupanda huko ilionyesha chanzo kiko kwenye mstari gani wa anga. Baadaye mhimili ulielekezwa upande mwingine na chanzo kilekile kikapimwa kwa mstari wa pili. Pale mistari ilipokatana ndipo chanzo kilipo.

Njia hii ilikuwa na mipaka. Kwa vyanzo vyenye nguvu, mahali palijulikana vizuri. Kwa vyanzo hafifu, eneo lililobaki liliweza kupita upana wa mwezi na kuwa na nyota nyingi ndani yake.

Matokeo

Uhuru ilionyesha kwamba Centaurus X-3 hutoa mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.8, na Hercules X-1 kila baada ya sekunde 1.24. Vyote viwili ni nyota za nyutroni zinazozunguka pamoja na nyota ya kawaida na kuvuta gesi yake. Gesi inayoanguka hupashwa joto hadi kutoa eksirei. Uhuru iligundua pia gesi yenye joto kali kati ya galaksi zilizo katika makundi makubwa.

Eksirei za Cygnus X-1 zilibadilika haraka mno, dalili ya kwamba gimba lenyewe ni dogo. Mwaka 1971 darubini za redio zilipima mahali pake kwa usahihi zaidi, na hapo ikaonekana nyota ya buluu iliyojulikana tayari, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waligundua kwamba nyota hiyo huzunguka na mwenzi asiyeonekana katika siku 5.6. Mwenzi huyo ana masi kubwa mno kuwa nyota ya nyutroni.

Mwisho na urithi

Uhuru ilikoma kufanya kazi Machi 1973, na mwaka 1979 iliingia katika angahewa na kuungua. Giacconi alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mbinu ya kuzunguka na kupima wakati wa kupita ilitumika pia katika satelaiti za Ulaya Hipparcos na Gaia, zilizopima mahali pa nyota kwa nuru ya kawaida. Japani inaandaa satelaiti ya JASMINE itakayopima nyota za kitovu cha Njia Nyeupe kwa mnururisho wa infraredi, unaopenya vumbi linaloficha nuru.

Satelaiti 9 zilirushwa kutoka San Marco kati ya 1967 na 1988. Tangu hapo hakuna roketi iliyobeba satelaiti kutoka huko, ingawa kituo cha ardhini cha Malindi bado hupokea data za darubini za angani. Satelaiti ya Kenya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, Marekani.