Sweta ya Mtoto na Tasnifu ya Mama Mkubwa

Watu wengi wasioijua Dodoma hudhani kwamba nchi hiyo ni ya jua na vumbi tu. Aliyepata kulala Chang'ombe usiku wa mwezi wa Julai hana dhana hiyo. Mchana jua huwaka kama kawaida, lakini ifikapo alfajiri kipimajoto hushuka hadi kukaribia nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na upepo wa kusini-mashariki hupenya katika nyufa za milango na madirisha. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Juni huanza maisha yake katika majira hayo.

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo: kufuma kwa mkono zawadi ya sweta, kofia au soksi kwa ajili ya ndugu, huku mfumaji akiwa na kazi ya mshahara mchana na masomo ya shahada ya uzamili jioni. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, na Serikali ilipoanza kuhamishia wizara zake mjini humo mwaka 2016, watu wanaounganisha kazi na masomo si wageni tena katika mitaa ya Dodoma. Mmoja wao akionekana ameshika sindano za kufumia, jirani humwuliza swali la haki: muda anaupata wapi? Wahenga walikwisha kuonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Na huyu ameshika tatu.

Swali hilo lina jibu. Sehemu yake imo katika sayansi ya kitambaa, sehemu imo katika hesabu, na sehemu imo katika namna akili ya binadamu inavyofanya kazi.

Kwa nini Dodoma hupoa usiku

Mji wa Dodoma uko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,120 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo hewa hukauka na anga hutakata. Ardhi iliyopata joto mchana kutwa huanza kulitoa mara jua linapozama, na kwa kuwa hakuna mawingu wala mvuke mwingi wa kulizuia, joto hilo hupotelea angani. Paa la bati nalo hufanya vivyo hivyo: hupata moto upesi mchana na hupoa upesi usiku, na chumba kilicho chini yake hupoa pamoja nalo.

Kwa mtu mzima baridi hiyo ni usumbufu tu. Kwa mtoto mchanga ni hatari. Ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, hivyo hupoteza joto haraka. Wala hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili kuzalisha joto jingine. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili kuliko kilivyo kichwa cha mtu mzima, na ndiyo maana wakunga huhimiza avikwe kofia. Joto la mwili wake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Wako wanaotafuta nafuu kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Jambo hilo ni la kuogopwa kuliko baridi yenyewe. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Watu wa nyumba wanaweza kulala wasiamke. Joto lililo salama kwa mtoto ni lile la kifua cha mama yake, pamoja na nguo zinazolizuia joto lisitoroke. Hapo ndipo sweta inapopata thamani yake.

Kitanzi na hewa

Kitambaa cha kanga au kaniki hutengenezwa kwa nyuzi za aina mbili, mtande na mshindio, zinazopishana kama vijiti vya uzio. Sweta haina mtande wala mshindio. Hufumwa kwa uzi mmoja unaopindwa kuwa kitanzi, na ndani ya kitanzi hicho hupitishwa kingine, na ndani ya hicho kingine tena. Ustadi huu ni wa kale: miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyofumwa hivyo vinavyojulikana ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, ambazo umri wake unakaribia miaka elfu moja.

Sweta huvutika kwa sababu vitanzi vyake hubadili umbo: vikivutwa hujinyoosha, vikiachiwa hurudi. Uzi wenyewe haurefuki sana. Kwa hiyo nguo moja humfaa mtoto kwa miezi kadhaa ingawa kifua chake kinakua.

Wengi huamini kwamba uzi ndio unaotia joto. Ukweli ni kwamba mlinzi mkubwa ni hewa. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa uchache mno; maji huipita kwa zaidi ya mara 20. Kazi ya vitanzi ni kuinasa hewa hiyo katika vyumba vidogo vidogo na kuizuia isitembee. Kutokana na kanuni hiyo yafuata mambo mawili. Kwanza, sweta iliyolowa haifai kitu, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya hewa. Pili, upepo mkali wa Julai huifukuza hewa hiyo kupitia matundu ya vitanzi. Mtoto anapotolewa nje ni lazima sweta ifunikwe kwa kanga au kitenge kilichofumwa kwa kubana.

Nyuzi nazo hazilingani. Sufu ya kondoo huweza kufyonza mvuke unaofikia karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Pamba hufyonza kiasi cha wastani, lakini hukawia kukauka. Nyuzi nyingi za bei nafuu ni za akriliki, zinazotengenezwa viwandani kutokana na mazao ya petroli. Ni nyepesi, hukauka upesi na hufulika kwa urahisi, ila zina adui wawili: pasi ya moto na cheche. Akriliki huyeyuka na kuwaka, hivyo mtoto aliyevaa sweta ya aina hiyo asikaribishwe jikoni.

Hesabu ya vitanzi

Na uchukuliwe mfano wa mtumishi mmoja anayeishi Chang'ombe na kusoma jioni. Mdogo wake wa kike atajifungua katikati ya Juni, na yeye atakuwa mama mkubwa. Mama yao yuko Kondoa, nako baridi ipo. Mama mkubwa huyu anataka kuwafumia wote wawili, na tasnifu yake inamngojea.

Jambo la kwanza ni kufuma kipande kidogo cha majaribio na kukipima kwa rula. Tuseme kipande hicho kina vitanzi 20 katika sentimeta 10 za upana, na mistari 28 katika sentimeta 10 za urefu. Sasa kila nguo yaweza kukadiriwa kabla ya kuanzwa.

Kofia ya mtoto yenye mzunguko wa sentimeta 32 na kina cha sentimeta 15 ina vitanzi 64 kwa mistari 42, yaani 2,688. Sweta ya mtoto yenye mzunguko wa kifua wa sentimeta 52 na urefu wa sentimeta 26, pamoja na mikono miwili, shingo na pindo, ina vitanzi vipatavyo 12,000. Sweta ya mtu mzima yenye mzunguko wa sentimeta 104 na urefu wa sentimeta 62, pamoja na mikono yake, ina vitanzi zaidi ya 54,000.

Mfumaji wa wastani akifuma vitanzi 20 kwa dakika, kofia itamchukua saa mbili na robo, sweta ya mtoto saa 10, na sweta ya mtu mzima saa 45. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huona kwamba mama ni mpana mara mbili ya mtoto, wakadhani kwamba kazi nayo itakuwa mara mbili. Lakini kitambaa ni eneo: upana na urefu vikiongezwa mara mbili, vitanzi huongezeka mara nne. Kwa nusu saa kila siku, siku tano kwa juma, sweta ya mtoto humalizika kwa majuma manne. Ya mtu mzima huhitaji majuma 18. Anayetaka kumvisha mama yake sweta katikati ya Juni ni lazima aanze mapema Februari, na asikose hata juma moja.

Hesabu hii haikusudiwi kumkatisha mtu tamaa. Inamsaidia kuchagua. Skafu ya upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 120 ina vitanzi 13,440, yaani saa 11 na dakika chache, nayo humkinga shingo bibi wa Kondoa vizuri. Kofia, sweta ya mtoto na skafu kwa pamoja ni saa zipatazo 24, au majuma 10. Mama mkubwa akianza mwishoni mwa Machi atafika Juni akiwa na zawadi tatu mkononi na akiba ya siku za ugonjwa na mitihani. Bandu bandu huisha gogo.

Muda mzima na vipande vya muda

Lakini nusu saa hiyo itoke wapi bila kuipora tasnifu? Mwaka 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Judith K. Brown, alichapisha hoja fupi ambayo bado hutajwa na wataalamu. Alieleza kwamba katika jamii nyingi kazi zilizoangukia wanawake zilikuwa zile zinazopatana na ulezi: hazihitaji umakini wote, hazimhatarishi mtoto, na zikikatizwa huanzwa tena kwa urahisi. Waswahili wa pwani wanazifahamu kazi za namna hiyo. Ukili wa mkeka husukwa huku mazungumzo yakiendelea, na kofia ya kutarizi kwa mkono hukamilika baada ya miezi ya jioni nyingi fupi.

Siri ya kazi hizo ni kwamba kumbukumbu yake haikai kichwani. Imo ndani ya kazi yenyewe. Mfumaji aliyeitwa ghafula huweka sindano chini. Akirudi baada ya siku tatu, vitanzi vilivyopangwa juu ya sindano humwonyesha alipofikia. Sura ya tasnifu haina uungwana huo. Hoja iliyoachwa katikati hupotea, na ni lazima ijengwe upya. Utafiti wa Sophie Leroy, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mtu anayehama kutoka kazi moja isiyokwisha kwenda nyingine huacha sehemu ya mawazo yake katika ile ya kwanza, na ile ya pili huathirika.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja iliyo rahisi: muda mzima ni wa tasnifu, na vipande vya muda ni vya sindano. Saa mbili tulivu za alfajiri zisifumwe sweta. Dakika 20 za foleni ya zahanati, za kungoja daladala ijae, au za giza baada ya umeme kukatika hazimfai mtu kuandika sura ya pili. Lakini zinatosha kufuma vitanzi 400. Anayegeuza kanuni hii, akafuma katika saa nzima na kujaribu kuandika katika vipande, huishia na sweta nzuri na barua ya kuomba kuongezewa muda wa masomo.

Je, yafaa kufuma huku mhadhiri akifundisha? Katika jaribio moja la Jackie Andrade wa Uingereza, lililochapishwa mwaka 2009, watu 40 walisikilizishwa ujumbe wa simu unaochosha. Waliokuwa wakipaka vivuli katika maumbo walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yapokelewe kwa kiasi: kupaka vivuli si kufuma, na ujumbe wa kuchosha si mhadhara wa takwimu. Mstari ulionyooka usiohitaji kuhesabiwa huenda usimdhuru msikilizaji. Ruwaza yenye hesabu itamnyang'anya masikio.

Tahadhari moja imebaki, nayo ni ya moyoni. Ukurasa mgumu una tabia ya kumfukuza mwanafunzi, na sindano zina tabia ya kumkaribisha. Mfumaji anayejiona anachukua uzi kila anapofika kwenye jedwali asiloelewa, ajue kwamba amekimbia. Uzi huo na ufungiwe kabatini mpaka jedwali lieleweke.

Fuma na fumua

Mtoto akishavaa sweta hiyo, atolewe nyuzi zinazoning'inia na akaguliwe mara kwa mara. Shingo yake ikitoka jasho, apunguziwe nguo, kwa maana joto la kupita kiasi nalo ni baya. Vifungo vishonwe kwa nguvu, na kamba zisiwekwe shingoni.

Baada ya mwaka mmoja sweta itakuwa ndogo. Hapo ubora wa kitanzi huonekana tena. Uzi ule ule huvutwa kutoka mwisho hadi mwanzo, hufuliwa, hukaushwa ukiwa umenyooshwa, na kufumwa upya kwa kipimo kipya, ukiongezewa donge moja. Kwa Kiswahili tendo hilo halihitaji maelezo marefu: kilichofumwa hufumuliwa. Huenda wakati huo mama mkubwa atakuwa amekwisha kuvaa joho lake, na mtoto atakuwa akitembea Chang'ombe akiwa amevaa zile zile dakika za foleni.