Je, Wajua? Trauti, Nzi Bandia na Mwisho wa Mei Karibu na Birmingham

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Mei jua la Birmingham huzama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri? Mvuvi wa trauti anayetoka kazini jioni bado ana saa kadhaa za mwanga. Saa bora ni ile ya mwisho, upepo unapotulia na wadudu kurudi majini kutaga mayai.

Jiji lenyewe halina mto mkubwa. Rea na Cole ni vijito, na Tame ilibebeshwa taka za viwanda kwa vizazi vingi. Mwenye ufito wa kuvulia hutoka nje ya jiji: kaskazini kwenye mto Dove, magharibi kwenye Teme na Severn, mashariki kwenye mabwawa ya maji ya kunywa.

Je, wajua kwamba mdudu anayengojwa kuliko wote na wavuvi hawa hana kinywa cha kulia? Jina lake la kisayansi ni Ephemera danica. Kwa takriban miaka miwili huishi akiwa kiluwiluwi, amejichimbia kwenye tope la mtoni, akipumua kwa matamvua. Maji yakishapata joto la kutosha, kuanzia nusu ya pili ya Mei hadi mapema Juni, hupanda juu, hupasua ngozi yake na kutoka na mabawa ya rangi hafifu. Hurukia majani ya ukingoni, na hapo hufanya jambo ambalo jamii yake peke yake huliweza miongoni mwa wadudu wote: huambua ngozi mara nyingine tena akiwa tayari ana mabawa. Baada ya hapo hali chochote. Madume hucheza hewani kwa makundi, majike hupandwa, hushuka kutaga mayai juu ya maji, kisha hufa wakiwa wametandaza mabawa. Maisha yake ya angani huisha kwa siku moja au siku chache tu.

Trauti huyajua hayo yote kwa tumbo. Samaki mkubwa ambaye mwaka mzima hujificha chini ya mizizi, akila samaki wenzake wadogo usiku, hutoka mchana na kumeza wadudu hao mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana katika majuma hayo hata mwanafunzi wa kwanza hupata samaki ambaye mwezi Agosti asingemwona kabisa. Kwangu mimi, hakuna tamasha la maji matamu Uingereza linaloshinda hili.

Je, wajua kwamba katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi, si ndoana? Nzi bandia ni manyoya na uzi, hana uzito wa kurushika. Kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito, ufito huupinda hewani mbele na nyuma, nao humbeba nzi na kumtua juu ya maji.

Na nzi huyo ametoka wapi? Huenda ametoka Kenya. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza inayojulikana sana kwa nzi bandia, huwafungisha nchini Kenya, na mafundi wengi wa kazi hii huko ni wanawake. Manyoya ya shingo ya jogoo, nywele za sungura, uzi mwembamba, ndoana ndogo isiyozidi punje ya mchele: vyote hushikwa kwenye jiliwa na kufungwa kwa mkono, nzi baada ya nzi. Jina la fundi haliandikwi popote kwenye kisanduku. Lingefaa kuandikwa.

Ndoana nazo zina historia hapa jirani. Redditch, mji ulio kusini ya Birmingham, katika karne ya 19 ulitengeneza sehemu kubwa ya sindano za dunia nzima, na ujuzi huohuo wa kunoa na kupinda waya wa chuma uliufanya uwe mji mashuhuri wa ndoana. Kinu cha Forge Mill, kilichoendeshwa kwa nguvu za maji, leo ni jumba la makumbusho la sindano.

Je, wajua kwamba kipimajoto kina faida kuliko sanduku lililojaa nzi? Maji ya nyuzijoto 10 huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzijoto 20, hubeba takriban 9 tu. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzijoto 10 na 16 hivi. Yakikaribia 20, samaki aliyepigana na mshipi anaweza kufa hata baada ya kuachiwa, kwa kuwa amekosa pumzi ya kujirudishia nguvu. Mwisho wa Mei kwa kawaida joto huwa katikati ya neema hiyo. Wiki ya ukame na jua kali huvuruga kila kitu, na mvuvi mwenye huruma hupima kwanza, kisha hurudi nyumbani kama kipimo kimekataa.

Sababu hiyohiyo inaeleza trauti wa Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakawekwa katika mto Gura unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Waliishi, ingawa ikweta iko karibu. Birmingham hupata baridi kwa kuwa mbali kaskazini. Gura huipata kwa kuwa juu mlimani.

Je, wajua kwamba Birmingham inaweza kuwa na jua wakati Severn imechafuka kama chai ya maziwa? Mto huo, mrefu kuliko yote Uingereza kwa kilomita 354, huanzia milima ya Wales, na mvua ya huko hufika miji ya Bewdley na Worcester baadaye. Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England, hutangaza kina cha mito mtandaoni. Tazama hapo kabla ya kufunga safari.

Mwezi Mei, Severn hupandwa na mgeni mwingine: shadi, samaki wa baharini, jamaa wa mbali wa dagaa papa wa pwani yetu, anayekwenda kutaga kwenye maji matamu. Kuta zilizojengwa mtoni miaka ya 1840 kwa ajili ya majahazi zilimfungia njia. Sasa zimejengewa njia za samaki, na ile ya Diglis, Worcester, ina dirisha chini ya ardhi la kuwatazama wakipita. Kumvua kwa makusudi ni kosa.

Sheria, basi, kwa ufupi. Mitoni, msimu wa samaki wasio trauti wala samoni hufungwa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Grelingi, mwenye pezi kubwa la mgongoni, naye yumo katika katazo hilo ingawa huvuliwa kwa nzi kama trauti. Samoni akinaswa kabla ya 16 Juni lazima arudishwe majini. Leseni ya ufito ni ya lazima, na asiye nayo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500.

Je, wajua kwamba rangi nyekundu ya nzi bandia wengi wa mabwawani huiga damu? Katika bwawa la Draycote, karibu na Rugby, chakula kikuu cha trauti wakati huu ni wadudu wafananao na mbu wasiouma. Viluwiluwi vyao vina himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, ndiyo maana huweza kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Ni ukoo mmoja na baadhi ya wale wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kama moshi, na ambao wakazi wa baadhi ya fukwe zetu huwakusanya na kuwafanya mikate. Bwawani, fuata upepo: hukusanya wadudu upande unakoelekea.

Hata maji ya bomba ya Birmingham yana trauti katika asili yake. Tangu 1904 hutiririka kutoka bonde la Elan, Wales, kilomita 118, kwa mteremko tu bila pampu, safari ya takriban siku moja na nusu. Wakazi wapatao 100 walihamishwa kupisha mabwawa hayo, ambamo leo huvuliwa trauti wa asili kwa nzi.

Na kitabu mashuhuri kuliko vyote kuhusu uvuvi wa ndoana kiliandikwa na mtu wa jirani. Izaak Walton alizaliwa Stafford mwaka 1593, akachapisha The Compleat Angler mwaka 1653. Sehemu ya kuvua kwa nzi iliongezwa mwaka 1676 na rafiki yake Charles Cotton, ambaye nyumba yake ndogo ya uvuvi ya 1674 bado imesimama kando ya Dove.

Ukihama kutoka mto mmoja kwenda mwingine, osha na ukaushe kabisa buti na wavu, kwa kuwa magonjwa na viumbe wageni husafiri kwenye unyevunyevu.

Wazazi mnaoishi Birmingham, wapelekeni watoto mtoni jioni moja kabla Juni haijapita nusu. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hahitaji leseni, na wa miaka 13 hadi 16 huipata bure.