Kilo za kucheza na kilo za maji: sawa vile kijana mwanamichezo anaweza kuongeza uzito bila kujiharibu



Leo ninaandika juu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu, hapa Bukavu. Mimi nilisoma lishe ku universite. TFC yangu ilikuwa juu ya chakula cha watoto wadogo, nikaitetea vizuri, watu wakapiga makofi. Lakini mdogo wangu wa tumbo moja aliponiuliza swali la chakula, sikumjibu. Njo maana naandika.

Dogo ana miaka 16. Anacheza mpira, ni beki wa kati, ana urefu wa metre 1 na sentimetre 78, na wakati ule alikuwa na kilo 57. Siku moja alirudi toka mazoezi pale Kadutu, akakaa pembeni yangu:

"Yaya, kocha anasema niko mwepesi sana. Kila mara wananisukuma, naanguka. Nifanye je njo nipate kilo? Kiisha miezi mine watachagua wale ba kuingia mu timu kubwa."

Nilikuwa na simu mkononi. Nikamjibu: "Kula tu vizuri, utaongezeka." Hapo mazungumuzo yakaisha.

Kiisha wiki tatu, uso wake ulikuwa umekuwa wa mviringo. Mashavu yamejaa. Mama akafurahi: "Mutoto ameanza kunona, Mungu asifiwe!" Kwenye mizani ilikuwa kilo 60. Lakini mimi niliona vitu ambavyo havikunipendeza. Miguu ilibaki myembamba ileile. Asubuhi kumwamsha ilikuwa vita, na mwalimu alisema analala darasani. Mpira wenyewe ulikuwa umepungua: kukimbia kidogo tu, pumzi hakuna. Nikamwambia anionyeshe anachokunywa. Akatoa mu kartable vidonge vya aina mbili vilivyofungwa ndani ya karatasi, bila boksi wala maelezo.

"Wenzangu wote banakunywa hizi, yaya. Kilo zinakuya mbio."

Ni kweli, zinakuya mbio. Sasa tuone ni kilo za nini.

Vile vidonge vinafanya nini?

Aina ya kwanza ilikuwa siproheptadini. Hiyo ni dawa ya alerji. Inaleta hamu ya kula, lakini inaleta na usingizi. Mwanafunzi anayeikunywa kila siku atakula sana, na atalala sana, hata pale mwalimu anaandika ku ubao.

Aina ya pili ndiyo ilinitia woga: deksametazoni. Ni kortikoidi yenye nguvu, na madaktari wanaitumia kwa magonjwa makubwa, kwa kipimo na kwa muda waliopanga. Mtu mzima wa afya akiikunywa, mwili wake unaanza kushika maji na chumvi, na mafuta yanakwenda kukaa usoni, shingoni na tumboni. Mizani inapanda. Lakini misuli, ile hasa ambayo mchezaji anaitafuta, dawa hii inaivunja. Inalegeza mifupa. Inaweza kupunguza kurefuka kwa kijana ambaye angali anakua. Inapandisha sukari na presha, inaumiza tumbo, inapunguza kinga ya mwili. Yaani mutoto anapata uzito na kupoteza nguvu wakati mmoja.

Na kuna jambo moja ambalo nawaomba mulishike vizuri. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya namna hiyo. Ukileta kortikoidi toka inje kila siku, kwa wiki kadhaa, tezi hizo zinalala. Ukikata dawa ghafla, mwili unabaki bila ile ya dawa na bila ile yake mwenyewe: udhaifu mkubwa, kutapika, presha kushuka, na mtu anaweza hata kufa. Kwa hiyo usimnyang'anye mdogo wako vidonge na kuvitupa mu choo. Mpeleke kwa daktari pamoja na vidonge vyenyewe, ndiye atasema namna ya kupunguza. Sisi tulifanya hivyo. Daktari alimpangia namna ya kuteremka pole pole, akamfuata mpaka mwisho.

Kwa wale wanaoota kucheza mbali: kortikoidi za kumeza na za sindano ziko kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia la kupambana na madawa michezoni. Wenzako wanaweza kukuita mjanja, lakini kipimo cha mkojo hakijali ujanja.

Kiisha dawa kuisha, maji yalitoka. Dogo akarudi kilo 57, palepale alipoanzia. Siku hiyo alilia. Nikamwambia: "Sasa tuanze kazi ya kweli."

Kwa nini vijana wanaocheza hawanenepi?

Mara nyingi si ugonjwa wala si ukoo. Ni hesabu. Kijana wa miaka 16 mwili wake ungali unajenga mifupa, damu na misuli. Juu ya hiyo anafanya mazoezi. Na hapa kwetu kuna mazoezi mengine ambayo hatuyahesabu: kupanda milima kwa miguu kwenda shule, kuteremka kwenda uwanja, kupanda tena na kidumu cha maji. Kijana kama huyo anaweza kuhitaji kalori karibu 3000 kwa siku.

Tuliandika kwenye daftari kile dogo alikuwa anakula kweli. Asubuhi: chai kavu, saa zingine na mkate. Mchana: hakuna, au beignet moja. Saa tisa: mazoezi, tumbo likiwa tupu. Usiku: bugali kubwa na sombe, mpaka anashindwa kuinuka. Sisi wote tulikuwa tunasema "huyu mutoto anakula sana" kwa sababu tulikuwa tunaona sahani ya usiku tu. Lakini tumbo moja haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mara moja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ongeza mara za kula mbele ya kuongeza ukubwa wa sahani. Mara tano ndogo zinashinda mara moja kubwa.

Kanuni ya pili: usikimbize. Kuongeza kalori 300 mpaka 500 kwa siku juu ya zile za kila siku inatosha, na uzito unaofaa ni karibu robo kilo mpaka nusu kilo kwa wiki. Ukiona kilo tatu zimekuja kwa wiki tatu na huoni nguvu mpya, jiulize ni nini kimeingia.

Kanuni ya tatu: chakula peke yake hakijengi misuli. Lazima misuli iombe. Pompe, kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kujivuta juu ya mti: mara mbili ao tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Bila hayo, ziada ya chakula inakuwa mafuta.

Sahani yetu, si ya kwenye vitabu vya wageni

Wengi wakisikia "protini" wanafikiri unga wa boksi kubwa wenye picha ya mtu mwenye kifua. Dogo naye aliniomba. Nikamwambia twende kwanza sokoni.

Mchezaji anayejenga misuli anahitaji karibu gramu moja na nusu ya protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 57, ni karibu gramu 85 kwa siku. Inaonekana nyingi, lakini tuhesabu. Kikombe cha maharagi yaliyopikwa kinaleta karibu gramu 15. Yai moja, 6. Mikono miwili ya karanga, karibu gramu 50, inaleta 13 ya protini na kalori karibu 280. Kopo la maziwa ao mashanza la mililita 250, gramu 8. Na samaki wadogo wakavu, sambaza na ndagala, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Ukiwakula na mifupa yao, unapata na kalsiamu ya mifupa yako.

Sasa bugali. Unga wa muhogo unaleta nguvu, lakini protini yake ni kidogo sana, gramu moja ao mbili kwa gramu 100. Unga wa mahindi una karibu 8. Soya ina zaidi ya 30. Kwa hiyo hatukuacha bugali, tuliichanganya: muhogo na mahindi. Asubuhi chai kavu ikaondoka, ikaingia bui ya masoso, ule unga wa mahindi, mtama na soya ambao tunaupikia watoto wadogo. Dogo alicheka mara ya kwanza: "Yaya, unanirudisha mu utoto!" Kiisha wiki mbili alikuwa anaamka mwenyewe kuipika. Angalisho moja tu: soya lazima ikaangwe na ipikwe vizuri, mbichi inasumbua tumbo.

Kwa kuongeza kalori bila kujaza tumbo, mafuta ndiyo rafiki. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wanga na protini zina 4. Nusu ya avoka kubwa ina karibu kalori 160. Kijiko kikubwa cha mawese mu sombe, karibu 120. Sombe yenyewe mama akaanza kuipika na karanga ya kusaga. Nusu ya avoka na ile mikono miwili ya karanga ni kalori 440. Hiyo peke yake ni ziada yote ya siku.

Basi siku yake ikawa hivi. Asubuhi: bui ya masoso na yai, kama liko. Saa nne shuleni: karanga na ndizi. Mchana: viazi ao wali na maharagi, na nusu ya avoka. Mbele ya mazoezi: ndizi ao kiazi kitamu, saa moja mbele ya kuanza. Kiisha mazoezi: kopo la mashanza, ao bui iliyobaki. Usiku: bugali ya kuchanganya, lenga-lenga ao sombe, na sambaza. Kuna siku mashanza haikuwepo. Kuna siku yai halikuwepo. Maharagi na karanga tulijitahidi zisikose.

Chai tuliiondoa karibu na chakula, kwa sababu inazuia chuma kuingia mu damu. Badala yake chungwa ao maembe, ambayo yanasaidia chuma kuingia. Na usingizi: kijana wa umri ule anahitaji saa 8 mpaka 10, kwa maana mwili unajenga usiku. Simu ikawa inalala mu chumba cha mama.

Kwa dada zetu

Msichana anayecheza ana hesabu ileile, lakini anapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo chuma ni muhimu zaidi kwake: maharagi, majani ya kijani, samaki, nyama ikipatikana. Na kuna alama moja isiyofaa kufichwa. Kama hedhi imekatika kwa miezi mitatu na hana mimba, inaweza kuwa chakula hakitoshi kwa mazoezi anayoyafanya, na mifupa yake iko hatarini. Wengine wanasema ni kawaida ya wachezaji. Hapana, ni ya kumwona daktari.

Wakati gani chakula hakitoshi kuwa jibu?

Kama kijana anakula vizuri na bado anapungua, ao ana homa za kurudirudi, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kuhara, kiu na mkojo mwingi, msimpe bui peke yake. Minyoo, malaria, kifua kikuu, kisukari, vyote vinakula kilo. Apimwe kwanza.

Tulifika wapi?

Kiisha miezi mine toka tulipoanza upya, dogo alikuwa na kilo 61. Kilo nne tu. Uso wake haukubadilika hata kidogo, lakini mapaja yalibadilika. Sasa wakimsukuma, yule aliyesukuma ndiye anayeanguka saa zingine.

Ile siku ya kuchagua ilikuwa imepita tangu wakati angali anapunguza dawa. Hakuchaguliwa. Siwezi kuwaficha hilo, na siwezi kujificha: kama ningeweka simu chini jioni ile, angekuwa amefika pale na kilo zake za kweli. Amebaki kungojea mwaka ujao. Mimi humwambia kwamba Claude Makélélé, aliyezaliwa Kinshasa, hakuwa mtu mrefu wala mzito, na alicheza Real Madrid na Chelsea. Kilo inasaidia, lakini si yenyewe inayosoma mchezo.

Sisi tuliosoma tuna wadogo nyumbani. Wanatuuliza maswali tukiwa tunachezea simu, na tusipojibu, wanaenda kumuuliza yule anayeuza vidonge mu karatasi. Yeye hakosi muda wa kujibu.

Leo jioni, muulize mdogo wako: "Leo umekula nini, toka asubuhi?" Kisha msikilize mpaka mwisho.