Jalidi Katika Vinyungu

Mkulima wa Njombe na Makete, miezi ya Juni hadi Agosti ni ya kipupwe. Usiku mmoja wa jalidi, ile barafu nyembamba nyeupe juu ya majani, waweza kuunguza shamba zima la viazi.

Jalidi haiji bila dalili. Tazama mbingu jua linapokuchwa. Kama hakuna mawingu, upepo umetulia na baridi yazidi upesi, jihadhari usiku ule. Mawingu ni kama blanketi, huzuia joto la ardhi lisipotee. Upepo nao huchanganya hewa baridi ya chini na hewa yenye joto iliyo juu yake.

Hewa baridi ni nzito. Hutelemka mlimani kama maji, ikatuama bondeni. Ndiyo sababu vinyungu huungua, na shamba la mteremkoni likasalimika.

Basi fanya hivi:

1. Chini kabisa bondeni panda kabichi, ambayo huvumilia baridi. Viazi na maharage vipande juu kidogo.

2. Katika ua wa upande wa chini acha nafasi, baridi ipate njia ya kutoka.

3. Mwagilia mchana. Udongo wenye maji huweka joto la jua kuliko udongo mkavu.

4. Jioni funika miche kwa nyasi juu ya kichanja. Asubuhi ifunue.

Viazi vikiungua, usiving'oe upesi. Ngoja siku kadhaa, kwani machipukizi mapya huweza kutoka chini ya udongo.